Kijiwe Changu Kisiguswe

Eti mtu akitaka kuendelea abadilishe anaokaa nao. Mimi nibadilishe nini? Kijiwe changu cha kahawa pale Magomeni kina washauri watatu, na benchi letu limebonyea katikati kwa uzito wa busara.

Mshauri wangu wa biashara hajawahi kupata hasara hata siku moja, kwa kuwa hajawahi kufungua duka. Wa ndoa ana uzoefu: ameachwa mara tatu. Wa uchumi, ikifika Juni, anaikosoa bajeti ya Serikali kifungu kwa kifungu, kahawa yake ikiandikwa kwenye daftari la madeni.

Mwaka jana nilichukua fomu ya VETA, nikasomee umeme. Wakaniwahi. "Mdogo wangu," akasema wa uchumi, akisukuma kizibo cha soda kwenye drafti bila kuinua macho, "umeme wenyewe unakatika. Utasomea nini?" Hoja hiyo mkufunzi gani angeijibu? Fomu tukaifungia kashata.

Kuna kijana alitukimbia, akaenda kujifunza uchomeleaji. Maskini, amepitwa na mengi. Mfano, mjadala wetu wa mpira: Yanga ilianza 1935, Simba 1936. Je, mdogo anaruhusiwa kumtania kaka yake? Suala hilo tunalo mwaka wa sita sasa, na muafaka unanukia.

Juzi alipita na pikipiki mpya, akapiga honi, hakusimama. Tukampungia mkono, kisha tukajadili mpaka magharibi kwa nini vijana wa siku hizi hawana ushirikiano.