Chifu Aenda Likizo Kawangware

Wewe unayeishi na mzazi mzee ndani ya nyumba, sogeza kiti hapa karibu. Wengine waendelee na shughuli zao, hawatatuelewa.

Chanzo cha yote ni presha. Tangu Septemba 2023, serikali ilipowagawia wahudumu wa afya ya jamii mikoba yenye mashine za kupima presha na sukari, kuna mama mmoja hapa Makina, Kibera, anayepita ploti kwa ploti akifunga watu mikono. Sisi tunamwita Daktari, naye hakatai. Huja kumwangalia mama yangu, ambaye watoto wanamwita Shosho, na mimi, nikiwa mbali kidogo, namwita Chifu. Siku hiyo Chifu akapimwa: 128 kwa 80. Akajishika kiuno kwa maringo. Mama Watoto, mke wangu, alikuwa amesimama jikoni akikoroga uji huku macho yamefumba, Daktari akamwambia naye aketi. 168 kwa 104. Akarudia mkono wa pili, mambo yakawa yale yale.

"Mzee wenu ni mzima," akasema. "Mgonjwa ni huyu anayemtunza." Akamwandikia karatasi ya kwenda kliniki, akaagiza alale.

Sababu naijua. Choo cha ploti kiko ng'ambo ya mtaro, na usiku Chifu haendi mara moja. Tulimnunulia ndoo nzuri ya bluu yenye kifuniko, akaitia maharagwe. Yeye si mgonjwa, alisema, wa kufanyia haja ndooni. Basi kila usiku kuna msafara: Mama Watoto mbele na tochi ya simu, Chifu nyuma amemshika leso kiunoni, na katikati ya njia lazima wasimame Chifu amsalimie mlinzi na kumwuliza habari za watoto wake mmoja mmoja. Kuhusu mimi, ni mtoto wa kiume, na mila hainiruhusu kumpeleka mama yangu chooni. Hakuna mila ninayoitetea kwa moyo mweupe kuliko hiyo.

Nikatangaza kwamba Mama Watoto atapumzika wiki nzima. Kutangaza ni rahisi. Injinia, binti yetu wa kidato cha tatu ambaye simu yake haijawahi kupoa, akapewa kazi ya kutafuta mahali. Akapata Nyumba ya Wazee kule Kasarani, ya Masista Wadogo wa Maskini, shirika lililoanzia Ufaransa mwaka 1839 kwa mama mmoja aitwaye Jeanne Jugan. Akapata pia makao ya PCEA kule Thogoto, Kikuyu. Lakini huko mzee huenda kuishi, hapelekwi ili mkaza mwana apate usingizi. Halafu wako wauguzi wa kukodi, wanaokuja hadi nyumbani. Injinia akasoma bei ya siku moja kwa sauti. Ilikuwa bei ya Karen na Lavington. Tukatazamana, akazima simu.

Sasa, kuta zetu ni mabati. Chifu alikuwa nyuma ya pazia, akasikia maneno "nyumba ya wazee", na kabla chai ya asubuhi haijachemka simu zilianza kuingia kutoka Vihiga. Baba mdogo ambaye hanipigii hata akifiwa alitaka kujua nimemtupa mama yangu wapi. Aliyetupwa alikuwa hapo mezani akingoja maziwa yaongezwe, akitikisa kichwa kwa uchungu.

Injinia akadhani Katiba itamtuliza. Akamsomea Kifungu cha 57, kwamba wazee wana haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo kutoka kwa familia zao na kwa Serikali. Tangu hapo nyumba ina wakili. Chai ikikosa maziwa, 57. Runinga ikitolewa kwenye injili ikapelekwa kwenye mpira, 57. Mimi nami nimekichunguza kifungu hicho nikaona kinavyotekelezwa kwetu: Serikali imetoa shilingi 2,000 za Inua Jamii kwa mwezi, ambazo huja zinapojisikia, na familia imemtoa mke wangu.

Tukabaki na ukoo. Dada yangu, Benki Kuu, anakaa Kawangware upande wa Gatina. Ana vyumba viwili, choo ndani, maji ya mfereji. Pangefaa sana, ila sisi ni Wamaragoli, na kwetu mama mkwe halali chini ya paa la mkwewe. Hata kupeana mkono ni taabu. Mume wa Benki Kuu aliposikia tu wazo lenyewe likitajwa, alikumbuka ana safari ya Nakuru.

Akabaki Mheshimiwa, mdogo wangu, mwenyekiti wa steji ya nduthi kule 46, Kawangware hiyo hiyo. Mheshimiwa humpenda mama hadharani. Kila Krismasi husimama akatoa hotuba kuhusu maziwa aliyonyonya. Tukamwendea nyumbani kwake, chumba cha futi kumi kwa kumi, yeye, mkewe na wavulana watatu, wawili kati yao pacha. Akatusikiliza kwa makini, kisha akauliza maswali ya kamati: dawa ni za saa ngapi, na zile pesa za wazee zitaingia kwenye simu ya nani?

Mama Pacha ndiye aliyesema la maana. Akanyoosha kidole, akazungusha: kitanda, pazia, kochi, mtungi wa gesi, madumu ya maji. Kidole kikarudi kitandani bila kupata nafasi.

"Mulamwa, Mama nampenda," akaniambia, ndivyo shemeji anavyoitwa kwetu. "Lakini akilala hapa, hawa watatu watalala wapi?"

Kabla sijafungua mdomo, Mama Watoto akajibu: "Walete kwetu."

Ndivyo pumziko linavyopatikana katika mitaa yetu. Hakuna anayelinunua. Mnabadilishana mizigo, na anayetaka kutua mzee lazima ainame abebe watoto.

Siku ya kuhama tulikodi Probox ya jirani. Kutoka Makina hadi Kawangware si mbali. Unatokea Ngong Road, unafika Dagoretti Corner, unaingia Naivasha Road. Lakini Chifu alikuwa amefunga mzigo wa mtu anayehamia Kanada: godoro, chupa ya chai, Biblia, na ile ndoo ya bluu, maharagwe yakiwa ndani. Akaamuru kwanza tupitie soko la Toi, wajukuu wanunuliwe sweta. Kijana muuzaji akataja 150. Chifu akataja 50, akaketi kwenye kiti cha kijana, akaanza kumsimulia maisha yake tangu alipoolewa. Kabla hajafika kwa mtoto wa pili, kijana akamwachia kwa 60.

Mama Watoto alikuwa ameandika maagizo kwenye karatasi ya daftari. Dawa nyeupe asubuhi baada ya kula, ya manjano usiku. Akisema ameshameza, afungue mdomo uone. Asipewe chumvi mezani. Na chini kabisa: "Usiku usimharakishe. Lazima asalimie watu."

Wiki hiyo Mama Watoto alilala. Alilala mpaka nikawa naenda kusikiliza kama anapumua. Wavulana nao wakamaliza unga, wakapoteza betri za rimoti, na pacha mmoja akadhihirika kuwa ni mtu wa choo cha usiku. Hakuna mila inayomzuia baba mkubwa kumsindikiza mtoto, nimeuliza kila mzee ninayemjua. Tochi ikawa yangu. Leo watoto wa mlinzi nawajua kwa majina, pamoja na anayesumbuliwa na hesabu.

Kutoka Kawangware habari zilikuwa kwamba Chifu ameshika ploti. Amewapatanisha majirani, madereva wa nduthi wanamwamkia, na Mheshimiwa anaingia nyumbani saa moja jioni. Mama Pacha yeye aliniandikia neno moja tu: "Mulamwa."

Daktari alipopita tena, Mama Watoto alikuwa 142 kwa 90. Akamsifu, akamhimiza asiache dawa wala kliniki. Chifu, aliyekuwa amerudi jana yake, akaingilia kati.

"Hata mimi ilinifaa," akasema. "Hawa watu walikuwa wamenichosha."

Kisha akatangaza kwamba kila mwisho wa mwezi atakuwa anaenda Kawangware kupumzika. Mwezi unaisha kesho, na godoro limeshakunjwa mlangoni. Kazi ya kumjulisha Mheshimiwa nimepewa mimi. Nimempigia tangu asubuhi, mteja. Mama Pacha, mteja. Nimefika mahali pa kumpigia mume wa Benki Kuu, ambaye kwa mila wala hahusiki, nikapokelewa mara moja: bado yuko Nakuru.