Mwongozo kwa Mtu Asiyekula Wadudu

Novemba iliyopita mama alinitumia kopo la senene kwa basi kutoka Bukoba. Walikuwa wameshachambuliwa mabawa na miguu, wamekaangwa kwa mafuta yao wenyewe na chumvi na kitunguu kidogo, na kopo limezungushiwa utepe wa gundi mara tatu kana kwamba ndani kuna dhahabu. Kwetu ni dhahabu. Nilipofungua, harufu ikajaa sebule nzima, na wifi yangu aliyekuja kutusalimia akaweka mkono kifuani.

"Wifi, karibu senene."

"Ahsante wifi, mimi sili wadudu."

Alisema kwa adabu, sina kinyongo naye. Mkono wa pili alikuwa ameshika kikombe cha yogati ya stroberi, ya kutoka nje, ya rangi ya waridi kama kucha za bi harusi. Nami nina tabia mbaya ya kusoma maandishi madogo. Nilipokipokea ili nimletee kijiko, nikasoma ubavuni: maziwa, sukari, stroberi kiasi cha kuombea kura, rangi ya asili E120. Nikamrudishia kikombe na kijiko chake, nikanyamaza. Mwongozo huu ni wa kwake, na wa wote ambao tumboni mwao hamjawahi kuingia mdudu.

Kwanza kabisa, kataa kwa sauti. Mtu asiyekula wadudu lazima ajulikane, la sivyo ataonekana hana njaa tu. Kunja pua, rudi nyuma hatua moja, litamke neno "mdudu" kama unamtukana mtu. Hadithi za watu wa Bukoba wanaowasha taa kubwa usiku na kusimamisha mabati ili senene wateleze waangukie mapipani, zisikilize kwa huruma. Ukimaliza, agiza kamba wa nazi. Kamba ana miguu kumi, gamba, ndevu na macho yaliyochomoza, lakini ametoka baharini, kwa hiyo si mdudu. Ni bei.

Pili, penda rangi ya waridi, na hapa nitakaa kidogo maana ndipo penye mavuno. Katika milima ya Peru kuna mpungate, ule mmea wa miiba wenye majani manene kama sahani. Juu yake hukaa kidudu kinachoitwa Dactylopius coccus. Jike halina mabawa. Huchoma mdomo wake kwenye mmea, hunyonya na kujifunika unga mweupe, na maisha yake yote yanaishia hapo hapo. Mwilini amejaza asidi nyekundu ya kuwakera wanaotaka kumla, sisimizi na wenzao. Silaha hiyo inafanya kazi kwa maadui wengi, ila haimshtui mmoja, ambaye humpangusa kwa brashi, humwanika juani, humsaga, humchemsha na kumweka kwenye yogati. Kupata karibu nusu kilo ya wadudu wakavu unahitaji wapatao 70,000. Mama yangu hajawahi kunitumia senene 70,000, na wala sijawahi kumwomba.

Wenyeji wa Mexico na wa milima ya Andes walitia nguo zao rangi hii karne nyingi kabla ya Mhispania kufika. Alipofika, katika karne ya 16, akaigeuza biashara kubwa, na Wazungu wakakaa miaka mingi wakibishana kama zile punje kavu ni mbegu au ni mdudu. Walipokuwa wakibishana waliendelea kuvaa. Makoti mekundu ya maofisa wa jeshi la Uingereza yalichovywa humo humo. Ukitaka kuona jambo lenyewe kwa macho, huhitaji nauli ya Peru. Laikipia, Kenya, mpungate umevamia malisho hadi watafiti wakamleta ndugu wa karibu wa mdudu huyu, Dactylopius opuntiae, aje aule. Ukipita utaona kama vipande vya pamba vimenata kwenye majani. Minya kimoja. Kidole kitakuwa chekundu kama umetoka kuchinja kuku.

Kwenye kikombe hutamkuta akiitwa mdudu. Utamkuta kama carmine, cochineal, Natural Red 4, au kwa namba tu, E120, kama mfungwa. Marekani ilifika Januari 2011 ndipo sheria ikalazimisha atajwe kwa jina, kwa sababu kuna watu miili yao inamkataa, wakavimba na kuwashwa bila kujua wamekula nini. Mwaka uliofuata wateja wa Starbucks waligundua kuwa kinywaji chao cha stroberi kimepakwa rangi na mdudu huyo. Zikapigwa kelele, kampuni ikahamia rangi inayotokana na nyanya. Mimi nilichojifunza hapo ni kwamba stroberi yenyewe haikuwahi kufikiriwa kwa kazi hiyo.

Wewe, mwanafunzi wangu, usifuate njia ya kelele. Tafuta neno moja tu: asili. Ukikuta "rangi ya asili", tulia, kula. Hawajakudanganya. Hakuna kitu cha asili kuliko mdudu.

Tatu, chagua kinachong'aa. Pipi yenye ganda linalometameta, kidonge cha chokoleti kisichoyeyukia mkononi, tunda la apple lililotoka mbali ambalo muuzaji analifuta kwa kitambaa hadi unajiona uso: mara nyingi mng'ao huo ni nta ya mmea, na mara nyingine ni E904. Hii hutoka India na Thailand, ambako mdudu Kerria lacca hunyonya utomvu wa mti na kutoa majimaji yanayoganda kuwa ukoko kwenye matawi. Watu hukwangua ukoko huo pamoja na wenyeji wake, huuyeyusha na kuuchuja. Ukisoma shellac au "gamu ya wapika pipi" kwenye kifungashio, ndiye huyo.

Na usidhani ni mgeni kwetu. Mwaka 1928 Siti binti Saad alisafiri kutoka Zanzibar hadi Bombay kurekodi nyimbo zake na kampuni ya HMV. Santuri za wakati ule, zile nzito zinazovunjika kama sahani ya udongo, zilitengenezwa kwa ukoko wa mdudu huyu huyu. Bibi yako alimsikiliza. Wewe unamtafuna.

Nne, kwa wenye wasiwasi na wanyama wakubwa zaidi. Jirani yangu Mwislamu na jirani yangu Msabato hawajawahi kukubaliana siku ya ibada, lakini linapokuja suala la nguruwe ni ndugu wa tumbo moja. Wote wawili huwanunulia watoto zile pipi laini zinazovutika, za umbo la dubu. Kinachomfanya dubu avutike ni jelatini, nayo hupatikana kwa kuchemsha ngozi na mifupa ya ng'ombe au ya nguruwe mpaka itoe ute. Ipo pia ya samaki. Kifungashio kinachosema "gelatin" peke yake kimekuambia kila kitu isipokuwa ulichotaka kujua. Waliosoma hutafuta nembo ya halali. Waliosoma zaidi hukumbuka kwamba ganda la kapsuli nyingi za dawa ni jelatini hiyo hiyo, wakaacha kuwacheka wenzao.

Usidhani basi kwamba ukikagua viambato vyote umemaliza. Mwanzoni mwa mwaka 2001, huko Indonesia, kampuni ya Ajinomoto iliingia matatani kwa unga wake wa kuongeza ladha. Ndani ya unga hapakuwa na nguruwe. Unga ulitengenezwa na bakteria, bakteria walilishwa chakula maalumu, na chakula hicho kilitengenezwa kwa msaada wa kimeng'enya kilichotoka kwa nguruwe. Baraza la Maulamaa likasema haramu. Rais Abdurrahman Wahid, naye mwanazuoni, akasema halali. Bidhaa ikaondolewa madukani, na watu wakabaki na swali ambalo mpaka leo nalipenda: je, unawajibika kwa chakula cha bakteria wako? Mwongozo huu unashauri kutuma sauti ya dakika saba kwenye kundi la WhatsApp la ukoo na kuwaachia wao.

Ukiwa kwenye kundi hilo, utakuta mtu ameshatuma habari kwamba ladha ya vanila hutoka makalioni mwa mnyama aitwaye biva. Usiisambaze. Ni kweli biva ana tezi karibu na mkia zinazotoa kitu chenye harufu nzuri, na ni kweli Marekani inaruhusu kitumike kama ladha. Lakini kumkamua biva ni kazi ngumu na ghali, kwa hiyo viwandani hakitumiki ila kwa nadra sana. Ukoo wako umefika hatua ya kumwogopa mnyama ambaye hawajamla, huku waliyemla wamemnyamazia.

Tano, bia. Mwalo wowote wa Ziwa Victoria upande wa Mwanza utakuonyesha sangara akipasuliwa: minofu inakwenda zake kiwandani, na kile kibofu cha hewa, bondo, kinakwenda kwa mnunuzi wake maalumu anayekilipia kwa bei ya kumfanya mvuvi atabasamu. Mabondo mengi huishia China na Hong Kong kwenye supu. Lakini vibofu vya samaki vina kazi nyingine ya zamani huko Uingereza na Ireland: hukaushwa, hulowekwa, na ute wake hutiwa kwenye pipa la bia. Ute hunasa chembe za hamira na kuzizamisha chini, bia ikabaki angavu. Guinness walitangaza mwaka 2015 kwamba wanaachana na njia hiyo. Kabla ya hapo, mlokole wa mboga aliyekataa samaki sahani moja na kuagiza glasi mbili alikuwa ameila bahari kwa mlango wa nyuma.

Sita, mkate: kula, usiulize. Kuna kilainisha unga kinachoitwa L-cysteine, E920, ambacho siku hizi viwanda vingi hukipata kwa kuchachusha, na ambacho kwa miaka mingi kilitolewa kwenye manyoya ya bata na hata nywele za watu. Umoja wa Ulaya umepiga marufuku nywele. Sheria haiandikwi bila mtu kuwa ameshajaribu.

Saba, viazi vya kukaanga. Mwaka 1990 McDonald's, Marekani, waliacha kukaanga kwa mafuta ya ng'ombe wakatangaza mafuta ya mimea. Wahindu na wala mboga wakafurahi, wakala. Kumbe viazi vilikuwa vikitiwa ladha ya nyama ya ng'ombe kabla havijafika mgahawani, na kwenye orodha iliandikwa tu "ladha ya asili". Kesi ikafunguliwa 2001, na mwaka uliofuata kampuni ikaomba radhi na kukubali kulipa dola milioni 10. Unaona neno lile linavyotembea? Nimekwambia, ukiliona, tulia.

Na ikiwa umejifunza yote haya ukaapa kwamba wewe sasa utakula karanga tupu, siagi ya karanga tu, basi hatua ya nane ni yako peke yako. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ina kipimo cha uchafu usioepukika. Siagi ya karanga huhesabiwa kuwa mbovu ikifikia wastani wa vipande 30 vya wadudu kwa kila gramu 100. Chini ya hapo ni chakula kizuri. Chokoleti imepewa nafasi zaidi, vipande 60. Hawa hawaandikwi kwenye kifungashio kwa sababu hawakualikwa, wamekuja wenyewe kama wageni wa harusi ya uswahilini, na wenye harusi wameamua kutowahesabu mpaka wafike 30. Ni miguu, ni vipande vya bawa, ni vichwa. Senene wa mama yangu wanakuja wakiwa wameshatolewa miguu na mabawa. Nasema tu.

Sasa nirudi kwa wifi. Nilinyamaza kwa muda ambao mtu wa tabia yangu anaweza kunyamaza, yaani mpaka alipofika nusu ya kikombe. Nikamwambia. Hakuamini, akatoa simu, akaandika ile herufi na zile namba tatu, akasoma. Akasoma tena kwa kuikuza picha. Akakigeuza kikombe, akatazama stroberi iliyochorwa pale, nyekundu, yenye umande, kama mtu anayetazama picha ya mchumba aliyemdanganya.

"Lakini wifi," akasema hatimaye, "hii ni rangi tu. Huyo mdudu hana umbo."

Hilo sikuwa nimelifikiria, na nakiri lina uzito: kinachomshinda wifi yangu ni macho, mdudu asiyekutazama analika. Hata hivyo hamu ilikuwa imemtoka. Akasukuma kikombe katikati ya meza, karibu na kopo la senene, akasema nimpe mtoto, watoto hawana shida. Tukaanza habari za msiba wa Moshi na nani alichanga na nani hakuchanga, tukasahau.

Tulipogeuka, mwanangu wa miaka minne alikuwa amepiga magoti kwenye kiti, kopo kushoto, kikombe kulia, akichovya senene mmoja mmoja kwenye yogati na kula kwa utulivu mkubwa, akianzia kichwani.