Kampuni Iliyohamia Jikoni

Mtu akiamua kuwa mbeba mizigo wa kujitegemea huko Marekani, serikali humtaka aandike mahali yalipo makao makuu ya kampuni yake. Kampuni yenye pikapu moja na tela moja haina ofisi. Mume wangu aliandika anwani ya nyumba yetu, kusini mwa Fort Worth, Texas, na kwa kuwa meza pekee inayotosha kutandaza makaratasi ni ya jikoni, makao makuu yakawa kati ya jiko na friji. Nayasimulia haya kwa sababu kila ndugu anayekuja kwetu kuulizia kazi hii huuliza bei ya pikapu. Hajatokea hata mmoja aliyeuliza nyumba italipa nini.

Kazi yenyewe ni ya heshima. Inaitwa hotishoti, na ilikulia kwenye visima vya mafuta vya Texas. Mtambo wa kuchimba ukikosa vali moja, wafanyakazi wote hukaa chini na mwenye kisima hula hasara kila saa. Hawezi kungoja lori kubwa lijaze mizigo ya watu wengine kwanza. Anatafutwa mtu wa pikapu, anafunga hicho kipuri, anaondoka saa hiyo hiyo. Pikapu ni zile kubwa zenye matairi manne kwenye ekseli ya nyuma, na tela la futi 40 limeunganishwa ndani ya bodi kwa shingo iliyopinda. Mwenye leseni ya kawaida anapaswa kuhakikisha uzito wote ulioidhinishwa, wa gari na tela pamoja, hauzidi paundi 26,000. Akitaka zaidi ya hapo, akasomee leseni ya malori. Mume wangu alilelewa na baba mdogo aliyeendesha Fuso kati ya Tanga na Arusha mpaka uzeeni, na miaka yote aliyobeba maboksi kwenye ghala za watu alikuwa akilitaja lile Fuso. Sikuwa na sababu ya kumkatalia.

Kuandikisha kampuni kwenye jimbo la Texas ni dola 300. Kibali cha kubeba mizigo ya watu kuvuka majimbo ni dola 300 nyingine. Hizo unazilipa na kuendelea na maisha. Kilichotubana ni bima. Sheria inataka mbeba mizigo wa kawaida awe na kinga isiyopungua dola 750,000 kwa madhara atakayoyasababisha barabarani, lakini madalali wengi wa mizigo hawakuangalii mpaka ufikishe milioni moja, na juu yake 100,000 za mzigo wenyewe. Kampuni changa haina historia ya kuendesha vizuri, kwa hiyo hutozwa kama watu ambao huenda wakaendesha vibaya. Malipo ya mwanzo yalikomba akiba tuliyokuwa tumeiweka kwa ajili ya mabati ya nyumba ya mama mkwe, Tanga.

Naye mama mkwe alikuwa kwetu wakati huo, amekuja kutuona. Tulimweleza wote wawili, tumekaa mkekani. Alimtazama mwanawe kwa muda, kisha akasema, “Paa litangoja. Masika nimeyazoea. Ila usije ukaniambia na hiyo gari nayo imeshindwa.”

Ombi linapoingia serikalini, jina la kampuni, anwani na namba ya simu huwekwa kwenye daftari la wazi ambalo mtu yeyote duniani anaweza kulisoma. Kibali hakitoki siku hiyo: kuna siku 10 za kungoja mwenye pingamizi, kuna bima ya kuthibitishwa, kuna wakala wa kupokea hati za mahakama katika kila jimbo. Lakini simu hazingoji. Zilianza asubuhi kabla chai haijachemka. Wauza bima, wauza kadi za mafuta, wauza vifaa vya kurekodi saa za dereva, watu wa kukutafutia mizigo kwa asilimia. Zikafuata barua zenye picha ya tai na maandishi mekundu, zimetengenezwa zifanane na za serikali, zikidai mamia ya dola kwa fomu ambazo mwenye kampuni anaweza kuzijaza mwenyewe. Niliziweka zote mezani, nikalinganisha kila moja na tovuti ya serikali, na nyingi ziliishia kwenye pipa. Naomba kila mwenye kuanza amtafute mtu wa kuifanya kazi hiyo kwa utulivu, maana dereva aliyechoka hulipa chochote kilichoandikwa “mwisho wa mwisho”.

Mama mkwe yeye aliamini kila anayepiga ni mteja. Mimi nikiwa kazini, alipokea simu za kampuni kwa adabu zote za Tanga: hujambo baba, umeamkaje, nyumbani hawajambo? Hakuruhusu mtu aingie kwenye shida yake kabla ya kujibu salamu. Wengi walikata. Mmoja, ambaye mpaka leo namkumbuka kwa wema, alikuwa Mkongo wa Houston anayeuza bima, na akajibu salamu zote kwa Kiswahili cha Lubumbashi. Hatukununua bima yake, lakini yeye ndiye aliyetufundisha jinsi ya kuchunguza kama dalali ana dhamana ya dola 75,000 ambayo sheria inamtaka aiweke kabla hajagusa mzigo wa mtu.

Kadi ya afya ya dereva nayo iliingia mpaka kwenye sufuria. Presha ikiwa chini ya 140 kwa 90, na mengine yakiwa sawa, daktari anaweza kutoa kadi ya miaka miwili. Ya mume wangu ilipanda kidogo, akapewa ya mwaka mmoja. Samaki ng'onda ambao mama alikuwa amewafunga kwenye magazeti na kuwavusha bahari wakarudishwa kabatini, chumvi ikapimwa kwa kijiko cha chai. Mama alilia kidogo kwa ajili ya wale samaki. Mimi niliishukuru ile kadi, kwa sababu mume wangu hakuwahi kupimwa presha tangu tuhamie Marekani.

Tela lilipofika lilianzia mbele ya mlango wetu na kuishia mbele ya jirani wa pili. Kamati ya wakazi wa mtaa ilileta barua haraka kuliko dalali yeyote: magari ya biashara hayalali hapa. Tukakodi nafasi kwenye uwanja wa maegesho, kodi nyingine ya kila mwezi ambayo haikuwa kwenye hesabu.

Madalali wengi hawaipi mzigo kampuni ambayo kibali chake hakijatimiza miezi kadhaa. Usiku, watoto wakilala, nilikaa na simu nikipitia mbao za mizigo za kwenye intaneti huku mume wangu akilala ili sheria imkute amepumzika. Ya zamani katika hizo, DAT, ilianza 1978 kwenye kituo cha malori cha Portland, Oregon, mizigo ikionyeshwa kwenye skrini kwa madereva waliokuwa wakipata chakula. Sasa ilikuwa kwetu, pembeni ya mchele uliolowekwa. Nilijifunza kuuliza uzito, urefu, nani anapakia, malipo baada ya siku ngapi, na kama kuna mzigo wa kurudi nao. Kurudi tupu kutoka magharibi mwa Texas ni kuchoma dizeli uliyoipata kwa kwenda.

Mzigo ninaoukumbuka kuliko yote ulikuwa wa vali na mabomba kutoka Dallas kwenda Midland, kwenye mtambo uliokuwa umesimama. Mabomba yalizidi nyuma ya tela kwa zaidi ya futi nne, kwa hiyo yalihitaji bendera. Mama alikuwa tayari amekunja kanga nyekundu ya kuichana. Sheria inataka kitambaa chekundu au cha rangi ya chungwa chenye kung'aa, inchi 18 kila upande, na kanga haing'ai kiasi hicho. Aliirudisha begani na kumwombea dua.

Mume wangu alianza kazi saa kumi na mbili asubuhi. Ghala ilimweka foleni mpaka adhuhuri imepita. Alisimama ndani ya maili 50 za mwanzo kukaza mikanda, kama inavyotakiwa, akaendelea na barabara ya I-20. Karibu na Ranger, mji mdogo uliofurika watu mafuta yalipopatikana 1917, beringi ya gurudumu moja la tela iliungua. Beringi ya akiba ilikuwa nyumbani, kwenye kabati la masufuria.

Niliwaacha watoto kwa jirani. Mama hakukubali kubaki. Tulimkuta mume wangu amekwisha kupanga pembetatu zake tatu nyuma ya tela, futi 10, 100 na 200, na mama akamwuliza kwa nini hakukata matawi ya miti na kuyatandaza barabarani kama madereva wa kwetu. Alishika tochi wakati wote wa ukarabati, akimlisha mwanawe pilau kwa mkono wake, maana mikono ya mwanawe ilijaa grisi.

Gari likawa zima saa moja jioni, lakini saa za dereva hazisimami gari linaposimama. Ukishaanza kazi una saa 14, ndani yake uendeshe zisizozidi 11, na foleni ya ghala na beringi iliyoungua vyote vimo humo humo. Kuanzia saa mbili usiku asingeruhusiwa kuendesha tena mpaka apumzike saa 10. Dalali alipiga akisema mtambo unangoja, wengine wangesukuma tu, zimebaki maili 150 kutoka Abilene. Mume wangu alinitazama. Niliichukua simu mimi. Nilimwambia dalali kwamba dereva analala Abilene na mzigo utafika baada ya jua kuchomoza, na kama atakata malipo, akate. Alikata. Mzigo ulifika, vali zikafungwa, na fedha zilizobaki zililipwa baada ya siku 30. Ninaiunga mkono sheria hiyo kwa moyo wote, kwa sababu ile I-20 usiku ina familia nyingine ndani ya magari yao.

Tulirudi Fort Worth usiku huo, mama amelala kiti cha nyuma. Wiki iliyofuata tulikwenda kwa mhasibu, nikaingizwa kwenye karatasi za kampuni kama mwenye hisa sawa na mume wangu. Kila mzigo ukilipwa, dizeli na bima hutoka kwanza, kisha fungu la mabati ya Tanga, na baada ya hapo mshahara wa watu wawili.