555 ya Ariwara: Barua ya Wazi kwa Wenye Mtihani wa GMAT

Kwa Baraza la GMAC,
Reston, Virginia, Marekani.

Waheshimiwa,

Ariwara haijambo. Soko limejaa, pikipiki zinapishana na malori yanayotoka Arua, Uganda, na wabadilisha pesa, wale wanaoitwa kambisti, wameketi na marundo yao ya shilingi za Uganda, faranga za Kongo na dola. Mji uko katika eneo la Aru, kaskazini mwa mkoa wa Ituri, pale ambapo Kongo, Uganda na Sudani Kusini zinasogeleana kiasi kwamba mtu hunywa chai nchi moja na kulala nyingine. Asiyekuwa na raha ni mmoja, naye ndiye sababu ya barua hii.

Ni mtu wa mfano, ameshonwa kwa vipande vya watahiniwa wengi, kwa hiyo jina hana. Aitwe Mtahiniwa. Amesomea uchumi Bunia, anamsaidia shangazi yake kuendesha duka la jumla la sabuni, mafuta na vitenge, na anatamani shahada ya uongozi wa biashara huko ng'ambo. Mtihani wenu ameufanya mara tatu. Mara ya kwanza alipata 545. Mara ya pili 565. Mara ya tatu, baada ya miezi minne ya kukesha, 555. Mtaani wanasema alama zake zimegoma, kama pikipiki iliyoingia maji.

Kwanza pokeeni pongezi kwa ile tano. Tangu toleo jipya lilipoanza Novemba 2023, alama zenu huanzia 205 na kuishia 805, na kila moja ina tano mwishoni, ili zisichanganywe na za zamani zilizokuwa na sifuri. Ariwara hakuna namba inayoheshimiwa kiasi hicho. Bei ikiwa na tano mkiani, mnunuzi huikata tano kwanza, ndipo mapatano yaanze.

Kuna jambo jingine mlilolisema kwa sauti ya chini. Katika maelezo yenu ya kitaalamu, ambayo watahiniwa wachache huyafikia, mnakiri kwamba alama ya jumla ina kosa la kipimo la pointi kama 30 hadi 40. Haki isemwe: kila kipimo kina kosa lake, na kulitangaza ni uungwana. Lakini maana yake ni kwamba 545, 565 na 555 ni mtu yuleyule aliyebadilisha shati. Mtahiniwa alishangilia pointi 20 na akalia pointi 10, na mizani yenyewe haikuwa imeona lolote. Wachimbaji wadogo wa Ituri hupima vumbi la dhahabu kwa vijiti vya kibiriti na sarafu, na wageni huwacheka. Hata hivyo kijiti kikigombaniwa, wawili huinama pamoja juu ya mizani na kupima upya, bure. Kwenu kupima upya ni kusubiri siku 16 na kulipa tena. Mara tano kwa miezi 12, basi. Toleo hilo lilipozinduliwa, ada iliyotangazwa Marekani ilikuwa dola 275 kituoni na 300 mtandaoni. Mara tano mtandaoni ni dola 1,500, na kwa hesabu ya shangazi huo ni mtaji wa mtu kufungua kibanda chake mwenyewe.

Mtindo wa maswali kujibadilisha kadiri mtu anavyojibu, ambao kompyuta zenu zinautumia tangu 1997, haukumshangaza hata kidogo. Ukipatia, linakuja gumu zaidi, ukikosea, linalegezwa. Ndivyo barabara zinavyofanya: ukilipa kizuizi cha kwanza bila kelele, cha pili wameshasikia kwamba una kitu. Matokeo yake ni kwamba kila mtahiniwa, hodari na dhaifu, hutoka chumbani akihisi amekosa nusu. Anayekwama hudhani ubongo wake umefika ukuta, kumbe mashine inamtafutia ukuta kwa makusudi, tena kwa haraka: maswali 21 ya hesabu kwa dakika 45, yaani dakika mbili na sekunde nane hivi kwa kila moja, bila kikokotoo.

Walimu wa mtandaoni walimwambia aongeze maswali. Akaongeza, arobaini kila usiku, jenereta ikinguruma nyuma ya ghala. Aliyemwokoa hajawahi kusikia jina la mtihani wenu. Shangazi alimtazama usiku mmoja akifungua seti mpya, akasema, "Mwanangu, kila siku unashusha mzigo mpya na ule wa jana hujauhesabu." Akamsukumia daftari la madeni. Katika daftari hilo kila deni lina jina la mdaiwa, tarehe, na sababu ya kutolipa: huyu amefiwa, huyu mjanja, huyu alisahau, huyu hakupaswa kukopeshwa kabisa.

Mtahiniwa akafungua daftari la makosa kwa mtindo huohuo. Kila kosa likapewa jina: sikujua, nilijua ila sikusoma vizuri, muda uliisha, nilibahatisha. Akapunguza maswali kutoka arobaini hadi kumi kwa usiku na kuyarudia yaliyomshinda baada ya wiki. Mitihani miwili ya majaribio mnayoitoa bure hakuila kama karanga; mmoja aliuweka akiba. Halafu akahesabu. Waheshimiwa, hapa ndipo barua hii inapowahusu kwa karibu, kwa maana fungu kubwa la madeni yake halikuwa la hesabu wala la mantiki. Lilikuwa la forodha ya lugha.

Shuleni, kwa Kifaransa, alifundishwa kuandika moja na nusu kuwa 1,5, huku nukta ikitenga maelfu: kwake 1.500 ni faranga elfu moja na mia tano. Kwenu 1.500 ni moja na nusu. Kuna neno linaloandikwa herufi kwa herufi sawa katika lugha zote mbili, billion: kwa Kiingereza cha Marekani ni milioni elfu moja, kwa Kifaransa ni milioni mara milioni, na ile milioni elfu moja Wafaransa wanaiita milliard. Katika swali moja la grafu, Mtahiniwa alikosea mara elfu moja bila kukosea hesabu yoyote. Na katika maswali ya kusoma, "eventually" ya Kiingereza humaanisha hatimaye, ilhali ndugu yake wa Kifaransa, "éventuellement", humaanisha huenda. Kampuni itakayopata faida hatimaye na kampuni ambayo huenda ikapata faida si kampuni moja. Shangazi asingeikopesha ya pili hata katoni ya sabuni.

Mtasema Wafaransa wana mtihani wao. Kweli, TAGE MAGE upo, maswali 90, jibu sahihi hulipwa pointi nne na lililokosewa hukatwa moja, na swali lililoachwa wazi halimgharimu mtu chochote. Walau huko kunyamaza kuna heshima. Kwenu asiyemaliza hukatwa, kwa hiyo Mtahiniwa amejifunza kubahatisha sekunde za mwisho kwa uso mkavu, ujuzi ambao huenda ndio wa kwanza wa kibiashara alioupata kwa kweli kutoka kwenu.

Sasa kuhusu kamera. Tangu Aprili 2020, wakati wa janga la korona, mnaruhusu mtihani ufanywe nyumbani, nalo ni jambo la kushukuru, maana njia ya kwenda kituo cha Nairobi inapita Arua, kisha karibu kilomita 500 hadi Kampala, kisha mpaka mwingine tena. (Kongo ilitia saini kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki hukohuko Nairobi, tarehe 8 Aprili 2022. Umbali haukupungua.) Lakini mnataka chumba kitulivu, asiingie mtu, na kamera izungushwe ili msimamizi aone kuta na meza. Kuhusu utulivu, Ituri imezoea kudaiwa: tangu Mei 2021 mkoa uko chini ya hali ya dharura, na gavana wake ni mwanajeshi. Ni ile kamera inayozungushwa chumbani iliyowafanya wazee wa Ariwara watazamane.

Ukaguzi wa namna hiyo wanaukumbuka, au walisimuliwa na baba zao. Mwaka 1952 serikali ya kikoloni ya Ubelgiji iliweka utaratibu ulioitwa immatriculation, wa kuwapa Wakongo wachache hadhi ya kisheria iliyokaribia ya Wazungu. Mwombaji alikaguliwa hadi nyumbani. Wakaguzi waliangalia sahani, uma na kisu, mavazi ya watoto, namna mume na mke wanavyozungumza. Hadi mwisho wa ukoloni waliofaulu katika nchi nzima walikuwa mia chache tu. Miongoni mwa walioomba ni karani mmoja wa posta wa Stanleyville, leo Kisangani, mji uliokuwa makao makuu ya jimbo ambalo Ituri ilikuwa ndani yake. Mara ya kwanza alikataliwa. Hakuacha, na mwaka 1954 akaipata. Karani huyo ni Patrice Lumumba, na 1954 ndio mwaka ambao mtihani wenu, kwa jina lake la zamani, ulifanywa kwa mara ya kwanza. Hakuna anayedai kwamba mambo hayo mawili yanahusiana. Inasemwa tu kwamba upande huu wa dunia kurudia mtihani kuna ukoo mkubwa, na kwamba karani yule, miaka sita baada ya kupewa hadhi hiyo, alikuwa waziri mkuu, na waliomkagua walikuwa wanafunga mizigo.

Kitambulisho nacho kina hadithi yake. Mnataka pasipoti, mna haki. Mwaka 2015 pasipoti mpya ya Kongo ilipoanza kuuzwa kwa dola 185 ilihesabiwa kati ya zile ghali zaidi duniani. Baadaye bei ikashushwa. Kuna wakati, basi, kijana wa Ariwara aligharimika zaidi ya nusu ya ada yenu kwa ajili tu ya kuthibitisha kwamba yeye ndiye yeye.

Ombi ni dogo. Katika sehemu ya uchambuzi wa data mna maswali ya kupendeza ambayo hayatafuti jibu. Yanauliza kama taarifa mbili zilizotolewa zinatosha kulipata. Barua hii inawaletea moja, mlitumie bure. Mwenye duka anataka kujua kama atapata faida kwa kuleta katoni 200 za sabuni kutoka Arua hadi Ariwara. Taarifa ya kwanza: bei ya katoni kwa shilingi za Uganda asubuhi hii. Taarifa ya pili: kambisti wamesema dola haitapanda kabla ya jioni. Ushuru unategemea nani yuko zamu. Mvua imetanda. Kati ya 2003 na 2005, wapiganaji wa FAPC wa Jérôme Kakwavu waliposhika Aru na Ariwara na kukusanya ushuru wa mpakani wenyewe, swali lilikuwa hilihili, likiwa na bunduki ndani yake, na maduka yaliendelea kufunguliwa.

Mtahiniwa alimsomea shangazi swali hilo jioni moja pale kaunta. Shangazi alisikiliza hadi mwisho. "Hazitoshi," akasema, "hata ukiziunganisha zote mbili." Kwa mpangilio wenu hilo ni jibu la tano, herufi E, nalo ni sahihi. Kisha akachukua simu, akamwita mwenye lori, akamwambia aondoke alfajiri na katoni ziwe 250.

Kwa sehemu hiyo ya pili ya jibu lake hamna herufi, na Mtahiniwa anauliza kama mna mpango wa kuiongeza.

Mengine ni salama. Daftari la makosa limefika ukurasa wa 38, na safu ya "sikusoma vizuri" inapungua. Ametuma maombi ya tarehe mpya, atafanyia upande wa Uganda, kwa rafiki mwenye umeme wa uhakika. Risiti inaonyesha Jumamosi, saa tatu asubuhi. Saa za Arua zimetangulia za Ariwara kwa saa nzima, na kuvuka mpaka nako kuna foleni yake. Tafadhali mthibitishieni mapema ni saa tatu ya upande gani.