Sekunde Moja Iliyounguza Pilau

Nyumba ya dada yangu pale Birmingham, Alabama, ina kambi mbili. Shemeji alisoma Chuo Kikuu cha Alabama, kule Tuscaloosa. Kaka yetu, aliyetoka Tanga, akaenda kusomea uhandisi Auburn. Jimbo hilo halina timu katika ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, kwa hiyo mapenzi yote wamewamiminia wanafunzi wa vyuo hivi viwili. Ndio Simba na Yanga wa huko. Siku hizi hukutana wikiendi ya Sikukuu ya Shukrani, na waliwahi kununiana tangu 1907 hadi 1948 kwa ugomvi wa posho za wachezaji na uteuzi wa waamuzi.

Ijumaa, mkesha wa mechi, dada aliinjika pilau, akapunguza moto, akamwambia mumewe, "Baba watoto, baada ya robo saa zima jiko." Kisha akapanda juu kumwogesha mtoto.

Aliyeanzisha ubishi wa kipigo kipi kinauma zaidi ni Babu, baba yake shemeji. Kwake yeye kipigo kinachouma kuliko vyote ni cha 1972. Mzee huyu aliipenda Alabama pale John Mitchell na Wilbur Jackson, wachezaji wake weusi wa kwanza, walipoanza kuichezea 1971. Mwaka uliofuata timu ilifika kwenye mechi na Auburn haijafungwa na mtu, ikatangulia 16–0. Robo ya mwisho Bill Newton wa Auburn akazuia mateke mawili ya kuondosha mpira, na mara zote mbili David Langner akaudaka ukidunda, akakimbia nao hadi mwisho wa uwanja. Ikaisha 17–16. Babu huieleza kwa vidole viwili, kimoja cha Newton, kimoja cha Langner, na bado vinamtetemeka.

Shemeji akakataa. Yeye ana cha 2010: Alabama wako kwao Tuscaloosa, wanaongoza 24–0, Cam Newton akaanza kuwarudisha Auburn polepole mpaka 28–27. Kaka akacheka, akasema hakuna kama 2013. Akasimama.

Hapo ndipo nyumba ilipogeuka uwanja. Ilikuwa 28–28 na saa imekwisha, lakini kocha wa Alabama, Nick Saban, alidai sekunde moja imebaki, waamuzi wakatazama picha, wakamrudishia. Sekunde waliyoiomba wenyewe! Akamwita kijana Adam Griffith apige teke la yadi 57. Shemeji, kwa kuonyesha kwamba teke lenyewe lilikuwa halali kujaribiwa, akauweka mpira juu ya zulia akaupiga kuelekea sofani. Nyuma ya sofa kaka alikuwa Chris Davis, aliyeudaka ulipopungukiwa, ndani kabisa ya eneo lao, akaukimbiza uwanja mzima kushoto, 34–28. Lakini mpira ule una ncha, haudundi panapotarajiwa. Uligonga mkono wa kaka, ukaruka mezani, ukaiangusha chupa ya chai. Chai ya tangawizi yote zuliani, na vigae vya kioo vinacheza ndani ya chupa.

Tukapiga magoti kufuta. Kufumba na kufumbua king'ora cha moshi kikalia nyumba nzima. Pilau!

Tulitoka nje kwenye baridi, watoto peku, dada na mtoto ndani ya taulo, na wale wawili hawakunyamaza. Mimi niko na shemeji, na nilimwambia palepale uani. Teke la 2013 lilikuwa pigo la ghafla, matokeo yakiwa sare. Mwaka 2010 Alabama walishaanza kusherehekea, wakalazimika kutazama ushindi ukiwatoka mkononi pointi baada ya pointi, tena Auburn wakaenda kubeba ubingwa wa taifa msimu uleule. Uchungu wa kunyang'anywa kidogo kidogo, mwenye kukunyang'anya ukimwita shemeji, hauna mfano.

Jirani alikuja kuuliza kama kuna moto. Alikuwa na kofia ya Auburn. Akataja 2023, na kaka akabadilika uso: Auburn wanaongoza 24–20 nyumbani kwao, Alabama wana jaribio la mwisho, la nne, wakihitaji yadi 31. Yadi 31! Jalen Milroe akaurusha pembeni, Isaiah Bond akaudaka, 27–24. Kaka akamwomba jirani wa watu wabadilishe mazungumzo.

Dada akarudi ndani, akafungua madirisha, akapakua pilau la juu lililonusurika. Watoto wakagombea ukoko usioungua sana. Ndipo akauliza nani analipa chupa yake. Kaka akasema mpigaji, shemeji akasema mdakaji aliyeukosa. Babu akaamua walipe nusu kwa nusu, tena kesho kabla ya mechi, kwa sababu ikishaisha mmoja wao hatashika simu.