Jinsi ya Kukodi Nyumba ya Mlowezi Naivasha Ukitokea Tassia

Wikendi ndefu inabisha hodi, nawe mkazi wa Tassia, Nairobi, umechoka. Umechoka na dirisha linalotazamana na dirisha la jirani, makelele ya makanga wa barabara ya Outering, na maji yanayopanda ghorofa ya sita kwa mitungi. Dawa yako ni nyumba ya shambani kule Naivasha, karibu na mizabibu, iliyojengwa na mlowezi na kukarabatiwa juzi juzi. Fuata hatua hizi.

1. Soma tangazo kama mkataba wa mkopo
"Mazingira tulivu" maana yake hata boda boda haifiki. "Haiba ya kale" ni bomba linalokohoa kabla ya kutema maji. "Dakika kumi kutoka barabara kuu" imepimwa kwa helikopta. Lakini ukisoma "kijumba cha kipekee nyuma ya nyumba kuu", uliza kilikuwa cha nani. Mlango mfupi, dirisha moja dogo karibu na dari, sakafu ya saruji: hapo palilala farasi, au palilala mpishi. Sasa kimepigwa chokaa, kikatundikwa taa ya manjano na kuwekewa mto wenye picha ya twiga, na bei ya usiku mmoja inakaribia kodi yako ya mwezi. Ukipima kwa hatua, utakuta kinatoshana na bedsita yako.

2. Chunga tarehe
Safari Rally ilirudi kwenye mashindano ya dunia ya mbio za magari Juni 2021, baada ya kukosekana tangu 2002, na makao yake sasa ni Naivasha. Wiki ya mashindano hata banda la kuku hupata mashuka meupe na bei ya dola. Usithubutu.

3. Jua unamlipa nani
Utaombwa amana kwa M-Pesa. Jina likitokea tofauti na la mwenye nyumba, utaambiwa ni la shemeji. Wewe, ambaye mtaa wako umesimama kwenye ardhi iliyozozaniwa miaka na mikaka na hazina ya hifadhi ya jamii, NSSF, huhitaji somo la kuuliza mwenyewe hasa ni nani.

4. Usidanganyike na treni
Kwa kuwa stesheni ya Syokimau si mbali nawe, utashawishika kupanda SGR. Treni hiyo iliyoanza Oktoba 2019 itakushusha Suswa, na kutoka Suswa hadi ziwani kuna safari nyingine na nauli nyingine. Nenda mjini ukapande matatu. Ukipitia Mai Mahiu, simama kwenye kanisa dogo lililojengwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano mwaka 1942. Piga picha ya ukuta wa mawe peke yake, uwatumie wenzako wa chama, uwaambie uko Toscana.

5. Kunywa kistaarabu
Zabibu za Morendat, papo hapo Naivasha, ndizo zilizoipa Kenya mvinyo wa Leleshwa. Zungusha glasi, nusa, nyamaza kidogo, kisha tikisa kichwa. Usiulize soda ya kuchanganyia. Akitokea mgeni wa Dodoma akajigamba kwamba kwao zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, usibishane naye, anasema kweli.

6. Lala mapema
Naivasha iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na baridi yake haijali umelipa kiasi gani. Beba sweta. Usitoke nje usiku kutafuta mtandao, kwa sababu saa hizo viboko wametoka ziwani kula nyasi, na nyasi wazipendazo ni zile zilizokatwa vizuri mbele ya mlango wako. Kiboko hasomi tangazo, wala haulizi kama umelipa amana.

7. Sikiliza historia, kisha ongeza yako
Asubuhi mwenyeji atakusimulia habari za nyumba, na hadithi itaanza siku mzungu aliposhuka farasini. Hutasikia kwamba Wamaasai waliondolewa huku kwa mkataba wa mwaka 1904 ili walowezi wapate nafasi, wala kwamba waliokuja kulima waliajiriwa wakiwa na kipande, kitambulisho cha kazi, shingoni. Ukutani utaonyeshwa picha: bwana, bibi na mbwa. Jina la mbwa litatajwa. Yule aliyesimama nyuma na sinia, kanzu nyeupe hadi kifundoni, uliza yeye aliitwa nani. Mwenyeji atakumbuka ghafla kwamba chai inapoa.

Kama unataka nyumba ya kale isiyoficha lolote, nenda Elsamere, alikoishi mwandishi Joy Adamson kando ya ziwa. Siku hizi ni makavazi, na wageni hulala humo.

Kama baada ya haya yote bado moyo wako uko Naivasha, nenda, na starehe yako usiionee haya. Ila kodi chumba cha nyumba kuu, chenye meko na veranda, hata ikibidi mchange watu wanne. Kile cha nyuma babu zetu walishakilala, tena bila kulipishwa.