Hongera, Kituo Kimya

Wazazi wa Kasulu na Kibondo tuna deni la shukrani kwa walezi wa vituo vya nyumbani. Zamani mtoto wa miaka miwili alizurura uani, anafinyanga udongo mwekundu, anaburuta gari la mabua ya mahindi, anauliza maswali yasiyoisha, tena kwa Kiha. Aibu tupu. Sasa anakaa kwenye benchi, kafunga mikono, anaimba "ei, bii, sii" mpaka uji uive. Utulivu huo hata bungeni Dodoma haupatikani. Chumba cha mtihani wa kidato cha nne kina makelele kuliko hapo.

Wapo wanaotusumbua na ile Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021. Eti mtoto hujifunza kwa kucheza: apange vizibo, amwage maji, aigize mama muuza dagaa. Jamani! Nani atafua hizo nguo? Na mzazi gani atalipa ada ili mwanawe akachezee vizibo? Bembea tunayo, tena nzuri, imechorwa ukutani kwa rangi tatu, na haijawahi kumvunja mtoto mkono.

Kazi ya nyumbani hutolewa kila Ijumaa, kurasa mbili. Mwandiko wa akina baba umeanza kupendeza.

Mahafali ni Novemba. Majoho yanakodishwa kituoni. Nepi mje nazo.